Istilahi Zinazofika Zahanatini: Maneno ya Tiba na Haki ya Huduma katika Ufuko wa Ziwa Viktoria

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi huhesabiwa na watu wengi kuwa ni kazi ya mezani. Hudhaniwa kwamba wataalamu hukaa pamoja, huchukua dhana ya kigeni, huitafutia neno la Kiswahili, kisha huliandika katika orodha na kuichapisha. Jambo hilo si uongo, lakini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika shambani, karakana, mahakamani na zahanatini, ambako mwananchi asiyejua habari za kamati hulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza na kuamua, pengine kwa dakika moja, kama linamhusu au halimhusu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza nusu hiyo ya pili kwa upande wa tiba. Tumeuchagua Mkoa wa Mwanza na ufuko wa Ziwa Viktoria kwa sababu mbili. Kwanza, eneo la ziwa lilipatwa mapema na janga la UKIMWI, na mkoani Mwanza ndiko ilikofanyika mojawapo ya kazi zinazojulikana sana duniani za kuwapelekea watu wa vijijini tiba iliyo bora. Pili, wakazi wengi wa huko nyumbani huzungumza Kisukuma, Kikerewe, Kikara, Kijita au Kizinza. Kwa wengi wao istilahi ya tiba ni neno la lugha ya pili, tena neno linalosikika siku ya maumivu.

Hoja yetu ni moja. Istilahi ya tiba ni sehemu ya tiba yenyewe. Neno linaloaibisha, au lisiloeleweka, humzuia mgonjwa kama vile maji ya ziwa yanavyomzuia mtu wa Ukara asiye na nauli ya chombo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama istilahi inalingana na dhana ya kitaalamu. Yafaa pia kuuliza kama inamleta mgonjwa zahanatini au inamkimbiza.

2. Jina la ugonjwa

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa ziwa. Ilipofika mwisho wa mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Mwanzoni ugonjwa huo haukuwa na jina la Kiswahili, na watu hawakungoja kamati. Huko Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyoingia pamoja na wafanyabiashara wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba.

Majina haya mawili yanatufundisha jambo. La Uganda lilieleza mgonjwa anavyoonekana, na kwa sababu hiyo liliwaacha nje wote walioambukizwa ambao bado walikuwa na mwili wao. La Kagera lilionyesha mahali ugonjwa ulikodhaniwa kutoka, na kwa sababu hiyo mtu asiyevaa nguo ile na asiyefanya biashara ya mpakani aliweza kujiona yu salama. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoeleza njia ya kuambukizwa wala kazi ya ugonjwa mwilini.

Neno UKIMWI lilipoingia, lilikuja na maelezo ndani yake. Mwanzoni lilifafanuliwa kuwa ni Ukosefu wa Kinga Mwilini. Baadaye ufafanuzi uliokubalika ukawa Upungufu wa Kinga Mwilini. Herufi za kifupi hazikubadilika, lakini maana ilibadilika sana. Kinachokosekana hakipo kabisa. Kilichopungua kipo, ila hakitoshi, nacho chaweza kuongezwa. Kwa daktari, neno la pili ni sahihi zaidi. Kwa mgonjwa, neno la pili lina tumaini ambalo la kwanza halina.

Kifupi hiki kilifaulu pia kwa sababu kinatamkika kwa silabi za Kiswahili na kinakubali sarufi ya Kiswahili bila shida. Hali haikuwa hivyo kwa kifupi cha Kiingereza. Kilipofika mitaani bila ya maana, watu walikijaza maneno yao wenyewe: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Huo ulikuwa mzaha, lakini mzaha una sheria zake. Kifupi kisichoeleweka ni chombo kitupu, na chombo kitupu hujazwa na wapita njia.

Hata hivyo, UKIMWI nao una ugumu wake, nao umo katika neno kinga. Neno hili hubeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Kinga ni nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi. Kinga pia ni hatua yoyote ya kuzuia ugonjwa, kama katika usemi kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Tena, katika mazungumzo ya siku hizi, kutumia kinga ni kutumia kondomu. Mtaalamu huzitenga maana hizi kwa urahisi; mwananchi aliyeambiwa kwamba kinga yake imepungua huenda asizitenge. Kwa hiyo twashauri kwamba inapokusudiwa maana ya kwanza, isemwe kinga ya mwili. Ya pili, isemwe uzuiaji wa ugonjwa. Na ya tatu, kondomu itajwe kwa jina lake.

3. Neno zinaa na jaribio la Mwanza

Kati ya mwaka 1991 na 1994 lilifanyika katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza jaribio kubwa la kitabibu. Wakati huo mkoa ulikuwa mpana kuliko ulivyo sasa, kwa kuwa Geita ilikuwa bado ni wilaya yake. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Waliolifanya ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Shirika la AMREF, na Chuo cha Afya na Tiba ya Tropiki cha London, pamoja na watumishi wa Serikali katika vituo vya afya na zahanati.

Swali lao lilikuwa hili: ilijulikana kwamba mtu mwenye kidonda au uvimbe katika viungo vya uzazi huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi, je, magonjwa hayo yakitibiwa vizuri vijijini, maambukizi mapya yatapungua? Walichagua maeneo 12, kila moja likiwa na kituo chake cha afya na zahanati zinazokizunguka. Maeneo hayo yalipangwa kwa jozi 6 zilizofanana: ya visiwani kwa ya visiwani, ya ufukoni kwa ya ufukoni, ya kando ya barabara kuu kwa ya kando ya barabara kuu. Katika kila jozi eneo moja lilipewa tiba iliyoboreshwa, na lingine likawa la kulinganishia. Watu wazima wapatao 12,500, wenye umri wa miaka 15 hadi 54, waliandikishwa ili wafuatwe kwa miaka miwili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika maeneo yaliyoboreshewa tiba, watu 1.2 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa katika miaka hiyo miwili. Katika maeneo mengine, 1.9. Hilo ni punguzo la kama asilimia 40. Majaribio yaliyofuata mahali pengine, likiwamo la Rakai nchini Uganda lililochapishwa mwaka 1999, hayakupata punguzo kama hilo, na wataalamu wengi wameieleza tofauti hiyo kwa hatua ambayo janga lilikuwa limefikia katika kila mahali. Kwa hiyo hatudai kwamba dawa ya Mwanza ni dawa ya kila nchi. Linalotuhusu ni namna kazi ilivyofanywa.

Madaktari hawakujenga hospitali mpya wala hawakukaa vijijini wenyewe. Waliwafundisha matabibu na wauguzi waliokuwa tayari katika zahanati, wakahakikisha kwamba dawa hazikatiki, na wakawatembelea mara kwa mara kuwasimamia. Kwa kuwa zahanati nyingi hazikuwa na maabara, mtumishi alitibu kwa kufuata mkusanyiko wa dalili: alisikiliza, alitazama, kisha alitoa dawa za maradhi yote yanayoweza kuleta dalili hizo.

Hapa ndipo lugha inapokuwa chombo cha tiba. Tiba ya namna hii haina darubini. Darubini yake ni mazungumzo. Mgonjwa asiposema, hakuna kipimo kitakachosema kwa niaba yake. Basi, tuyatazame maneno yaliyomngoja mlangoni.

(a) Magonjwa ya zinaa. Zinaa ni neno la dini na la sheria kabla ya kuwa neno la tiba. Maana yake ni dhambi ya kujamiiana nje ya ndoa. Mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe, akiambukizwa na mumewe huyo, anaambiwa kwamba ana ugonjwa wa zinaa. Mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende naye huingizwa katika hesabu ya zinaa kabla hajapewa jina. Neno hilo hutoa hukumu kabla ya uchunguzi. Istilahi magonjwa ya ngono ni nyepesi zaidi, na magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana ni sahihi zaidi ingawa ni ndefu. Urefu huo tunaukubali. Ni afadhali maneno matatu yanayomkaribisha mgonjwa kuliko moja linalomfukuza.

(b) Kutokwa uchafu. Maneno haya hutumika sana kwa majimaji yatokayo ukeni au katika mfereji wa mkojo. Mwanamke akiulizwa kama anatokwa uchafu, ameulizwa kama yeye ni mchafu, na jibu rahisi ni hapana. Akiulizwa, "Mama, je, umeona majimaji yasiyo ya kawaida?" anaweza kujibu bila kujidhalilisha. Ugonjwa ni uleule na dawa ni zilezile. Jibu ndilo tofauti.

(c) Sehemu za siri. Tafsida hii ni ya adabu, nasi hatuna nia ya kuivunja adabu. Lakini kitu kilichoitwa siri hakisemwi mbele ya mgeni, na mtumishi wa zahanati mara nyingi ni kijana aliyetoka wilaya nyingine. Viungo vya uzazi ni maneno ya heshima pia, tena hayamwambii mgonjwa anyamaze.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika utafiti mwingine uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 kuhusu kaswende kwa wajawazito. Miongoni mwa wanawake wenye kiwango kikubwa cha kaswende ambao hawakutibiwa, robo yao walizaa mtoto mfu. Waliopimwa na kuchomwa sindano moja ya penisilini, matokeo ya mimba zao hayakutofautiana na ya wanawake wasio na kaswende. Sindano moja hutenganisha jeneza na mbeleko. Neno linalomfanya mama aone haya kupimwa linasimama kati yake na sindano hiyo.

4. Maneno ya umbali

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima mjini Mwanza, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Neno rufaa limetoka mahakamani, ambako mtu asiyeridhika na hukumu huinua shauri lake kwenye mahakama ya juu. Lilipoingizwa katika tiba lilikuja na maana yake ya haki: mgonjwa anayepelekwa Bugando kutoka Nansio au Sengerema hafanyiwi hisani, shauri lake limeinuliwa. Ni istilahi njema sana, nayo ingefaa kukumbukwa na kila anayeandika barua ya kumhamisha mgonjwa.

Lakini rufaa humtaka mgonjwa asafiri. Mtu wa Ukara huvuka kwanza hadi Ukerewe, kisha huvuka tena hadi Mwanza. Kwa ajili ya watu kama hao imeenea istilahi nyingine, huduma ya mkoba, yaani huduma inayotoka kituoni na kuwafuata watu waliko. Wengine hutumia huduma tembezi au kliniki tembezi. Tunaona kwamba istilahi hizi si sawa, na yafaa zitofautishwe. Huduma tembezi ni ile yenye gari au boti yake maalumu, inayohama na vifaa vyake vyote. Huduma ya mkoba ni ile ya watumishi wanaotoka katika kituo chao kwa siku moja, na dawa zikiwa begani, kisha wakarudi. Uzuri wa neno mkoba ni kwamba hata mtu asiyesoma huona picha yake.

Pamoja na hayo, lipo neno la ziwani ambalo waandishi wa tiba wangefaa kulijua: mwalo, wingi mialo, yaani mahali pa ufukoni mitumbwi inapotia nanga na samaki wanapouzwa. Mwalo si kijiji. Watu wake huja na kuondoka kwa kufuata samaki. Mvuvi aliyeanza dawa katika mwalo mmoja huenda mwezi ujao akawa kisiwa kingine. Katika vituo vingi mgonjwa wa namna hiyo huitwa mtoro. Neno hilo limetoka shuleni na jeshini, nalo lina adhabu ndani yake. Aliyeitwa mtoro akirudi, hurudi kama mtuhumiwa. Wengi huona heri wasirudi. Tunapendekeza aliyekatiza matibabu, maana kilichokatizwa chaweza kuungwa.

Hapa tunafika kwenye jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika makala haya. Taarifa nyingi husema habari za maeneo yasiyofikika. Kisarufi, -fikika ni kauli ya kutendeka: hueleza tabia ya kitu chenyewe, kama vile chungu kinavyovunjika. Eneo lisilofikika, kwa maneno hayo, lina kasoro yake, hakuna anayelaumiwa. Lakini Kiswahili kina kauli nyingine, ya kutendwa: -fikiwa. Eneo lisilofikiwa ni lile ambalo kuna mtu aliyepaswa kulifikia, naye hakulifikia. Tofauti ni ya silabi moja, nayo inahamisha wajibu kutoka kwa mwenye shida hadi kwa mwenye huduma.

Tuchukue mfano wa mialo yenyewe. Nyavu huifikia. Barafu huifikia. Sangara hutoka huko hadi viwanda vya Mwanza, na kutoka Mwanza hadi Ulaya. Mahali ambapo samaki hutoka kila siku akiwa bado mbichi, haiwezekani kusema kwamba chanjo haiwezi kuingia ikiwa bado baridi. Mahali hapo panafikika. Ikiwa huduma haipo, basi hapajafikiwa. Twawaomba waandishi wa taarifa waitumie kauli ya kutendeka pale tu ambapo kweli njia haipo.

5. Nani huitwa daktari

Kiswahili kina maneno matatu kwa mtu anayetibu. Mganga ni neno la Kibantu. Tabibu lina asili ya Kiarabu. Daktari limetoka Ulaya. Serikali hutumia yote matatu. Msimamizi wa tiba wilayani huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ingawa yeye ni daktari wa chuo kikuu. Mtumishi wa zahanati huitwa tabibu au tabibu msaidizi. Wananchi nao humwita daktari kila avaaye koti jeupe, na humwita mganga yule wa jadi, ambaye kwa Kisukuma ni nfumu.

Wapo wanaotaka neno mganga liondolewe katika vyeo vya Serikali ili kuzuia mchanganyiko huo. Sisi hatukubaliani nao. Neno mganga linamweka daktari katika ukoo wa watu ambao jamii imezoea kuwaendea siku ya shida. Kinachotakiwa ni kulitenga kwa kivumishi: mganga wa jadi upande mmoja, mganga wa wilaya au mganga mfawidhi upande wa pili. Hali kadhalika, neno tabibu lisitumiwe kama cheo cha kudharauliwa. Jaribio tulilolieleza lilitegemea watu hao, wala halikusubiri kila zahanati ipate daktari bingwa.

Jambo jingine dogo lenye matokeo makubwa ni neno ukaguzi. Daktari wa wilaya aendapo zahanati kukagua, watumishi huficha upungufu. Aendapo kwa usimamizi elekezi, wanaweza kumwonyesha rafu tupu ya dawa. Maneno hayo mawili huleta taarifa mbili tofauti kutoka zahanati ileile.

6. Maneno yaliyofaulu

Ingekuwa dhuluma kutaja kasoro tu. Janga la UKIMWI lililazimisha Kiswahili kufanya kazi kubwa, na baadhi ya matunda yake ni mazuri sana.

(a) Unyanyapaa. Kitenzi kunyanyapaa kilikuwamo katika lugha tangu zamani, kwa maana ya kumkirihi mtu na kujitenga naye kwa kinyaa. Kilipopewa kiambishi u-, tukapata istilahi ya dhana ambayo lugha nyingine hulazimika kuieleza kwa neno la alama au kovu. Neno letu linaonyesha mtendaji: pasipo mtu anayenyanyapaa, hakuna unyanyapaa.

(b) Magonjwa nyemelezi. Kunyemelea ni kuendea kwa siri kama paka. Maradhi yanayongoja kinga ya mwili ishuke ndipo yashambulie yamepewa jina lao kamili.

(c) Dawa za kufubaza virusi. Kwanza zilisemwa dawa za kupunguza makali. Serikali ilipoanza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004, wagonjwa wengi walihitaji kuelewa kwa nini anayejisikia mzima aendelee kuzimeza. Kufubaa ni kupoteza mng'ao na nguvu bila kutoweka. Neno hilo lina jibu ndani yake: kirusi kimefubaa, hakijafa, dawa zikiachwa, kitaamka.

(d) Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kabla ya maneno haya walisemwa waathirika, na mitaani ilisemwa kwamba fulani kakanyaga waya. Waya huua papo hapo. Aliyekanyaga hana la kufanya. Kitenzi kuishi kimeirudisha miaka iliyokuwa imefutwa na mzaha ule.

Lipo moja ambalo halijafaulu: majibu chanya na majibu hasi. Katika Kiswahili cha kila siku chanya ni jema. Mtu akiambiwa majibu yake ni chanya, aweza kurudi nyumbani akishukuru. Ni heri aambiwe kwamba virusi vimeonekana au havikuonekana katika damu yake.

7. Funzo lilipojaribiwa tena

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na uchanjaji ulizinduliwa tarehe 28 Julai 2021. Safari hii istilahi zilihitajika kwa muda wa wiki, si miaka. Zilizofaulu na zilizoshindwa zinathibitisha hoja yetu.

Barakoa ni neno la kale la pwani kwa kifuniko cha uso cha wanawake. Lilifufuliwa, na kwa muda mfupi likafika hata sokoni Mwanza. Kibuyu chirizi, yaani chombo kinachoning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba ili maji yachirizike mikononi, kilikuwa tayari kikijulikana mashuleni. Jina lake ni maelezo ya kukitengeneza. Chanjo nayo ina mizizi mirefu, kwa kuwa kuchanja chale na kupaka dawa ya kujikinga ni jambo lililozoeleka kwa waganga wa jadi. Mwananchi alielewa mara moja kwamba dawa huingizwa mwilini kabla ya ugonjwa. Mabishano yaliyokuwapo hayakuletwa na neno lenyewe.

Kinyume chake, umbali wa kijamii ulikuwa tafsiri ya neno kwa neno, nao haukumwambia mtu afanye nini. Katika jamii inayosalimiana kwa mikono, kuwa mbali kijamii ni kugombana. Maneno ya kawaida, tuachiane nafasi, yalifanya kazi ambayo istilahi haikuifanya.

8. Usawa na mgawo wa haki

Limebaki neno moja. Wizara, mashirika na magazeti husema usawa katika huduma za afya. Lakini dhana mbili zimejificha humo. Zahanati mbili zikipewa sanduku mojamoja la dawa, huo ni usawa. Ikiwa moja iko Nyamagana, jirani na hospitali ya mkoa, na nyingine iko kisiwani Kome, usawa huo hauna haki, kwa kuwa sanduku la Kome likiisha hakuna duka la dawa la jirani. Kutoa kwa kadiri ya haja na ya shida ya kufika ni jambo jingine, nasi twapendekeza liitwe mgawo wa haki. Usawa ubaki kwa maana ya kulingana kwa hesabu.

9. Hitimisho

Kwa muhtasari, twapendekeza kwamba kila istilahi mpya ya tiba ipitishwe katika maswali matatu kabla ya kuchapishwa. Je, inamhukumu mgonjwa? Je, inamwonyesha la kufanya? Je, inamtaja mwenye wajibu, au inamficha? Maswali hayo hayawezi kujibiwa na wanaisimu peke yao. Hujibiwa na mkunga wa Ukerewe, tabibu wa Sengerema, na mvuvi aliyeketi benchini akingoja kuitwa.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu, hasa waganga, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watuandikie maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wao, yakiwamo yale ya Kisukuma, Kikerewe na Kijita yanayoweza kuifaa lugha ya taifa. Waandike pia yale ambayo wagonjwa huyakwepa. Orodha hiyo ya pili ina manufaa kuliko ya kwanza, kwa maana itatuonyesha milango iliyofungwa.